Haki kwa Wote, Isipokuwa Mpiga Besi

Wacha niseme kitu kitakachokera pande zote mbili, ndio tusipotezeane muda. Albamu ya Metallica inayoitwa ...And Justice for All, iliyotoka Agosti 1988, ni moja ya albamu kali zaidi za thrashi metali kuwahi kurekodiwa. Na miksi yake ni dhuluma. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na nimechoka na watu wanaotaka nichague moja.

Kuna wale mashabiki wa kufa kupona. Ukiwaambia besi haisikiki, wanakushukia kama umetukana mama yao. "Hiyo ndiyo sauti yake, buda. Wewe huelewi metali." Halafu kuna wale wa upande ule mwingine. Wakisikia dakika mbili wanazima, ati albamu ni takataka, inasikika kama msee anagonga sufuria kwa bafu. Leo nawajibu wote, lakini nitakuwa mkali zaidi kwa hao wa kwanza, kwa sababu wanajua vizuri kilichotendeka na bado wanakitetea.

Kama ulianza kuijua Metallica mwaka wa 2022 kupitia Stranger Things, yule Eddie akichana gitaa juu ya paa, hakuna noma. Hakuna mtu alizaliwa akijua. Ile ngoma ilikuwa Master of Puppets, ya mwaka wa 1986. Justice ndiyo albamu iliyofuata. Na kati ya hizo mbili, mtu alikufa.

Stori kwa ufupi

Thrashi ni mtoto wa metali na panki. Kasi, gitaa linalokatwakatwa kwa kiganja, na hasira kwa serikali, kwa vita, kwa wazazi, kwa kila kitu. Ilishika moto Marekani mwanzoni mwa miaka ya 80. Wanne wakubwa wanajulikana: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax.

Mpiga besi wa Metallica alikuwa Cliff Burton. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 1986, wakiwa Sweden kwa ziara, basi lao lilipinduka. Cliff alifariki. Alikuwa na miaka 24. Huyu hakuwa msee wa kusimama nyuma akifuata gitaa. Alikuwa anapiga solo za besi, na wenzake walimwona kama mwalimu wa muziki ndani ya bendi.

Wiki chache baadaye wakamchukua Jason Newsted kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam ya Arizona. Miaka 23, shabiki wao mkubwa, anaingia kwenye viatu vya marehemu aliyependwa na kila mtu. Hebu fikiria presha hiyo.

Mwaka wa 1988 wakaingia studio Los Angeles na prodyuza Flemming Rasmussen. Wakatoka na ngoma tisa, zaidi ya saa nzima ya muziki. Ukiiweka kwa hedifoni unasikia gitaa, unasikia dramu, unasikia sauti ya James Hetfield. Besi? Tafuta. Endelea kutafuta.

Kwa Mkenya hili ni tusi la kipekee. Sisi ni watu wa besi. Hapa mtu anaacha matatu mbili zipite ndio angoje nganya ya Rongai yenye wufa inayotetemesha figo. Makanga akiweka ngoma isiyo na besi, abiria wanadhani spika imechomeka. Kwa hivyo Mmarekani akiniambia kwamba kukosa besi ni "ladha ya albamu," namwangalia tu.

Kwanza, sifa zake, na si kidogo

Nyinyi mnaosema albamu hii ni takataka, kaeni chini.

Anza na mashairi. Bendi nyingi za metali wakati huo zilikuwa zinaimba kuhusu mapepo, mapanga na mademu. Hawa jamaa walikuwa na miaka 24 na 25, umri wetu huu, wakaamua kuandika albamu karibu nzima kuhusu mifumo inayomla mtu. Blackened ni dunia kuharibiwa na binadamu mwenyewe, mwaka wa 1988, kabla habari ya mazingira haijawa kitu cha kuvalia fulana. Ngoma yenye jina la albamu ni mahakama iliyonunuliwa. Kwa kava yenyewe, sanamu ya mwanamke wa haki amefungwa kamba, anavutwa kila upande, na mizani yake imejaa dola. Eye of the Beholder ni uhuru wa kusema ambao mwenye nguvu anaupima kwa rula yake. Niambie ni ngoma gani kati ya hizo haifai kuchezwa Nairobi leo.

Halafu The Shortest Straw. Hiyo ni kuhusu kuwekwa kwa orodha nyeusi, yale mambo ya Marekani ya miaka ya 40 na 50 ambapo ukishukiwa tu kuwa mkomunisti unapoteza kazi, marafiki, kila kitu. Sasa shika hapo, kuna kitu wengi hawaunganishi. Ngoma maarufu zaidi ya albamu, One, imetokana na kitabu cha Dalton Trumbo cha mwaka wa 1939, Johnny Got His Gun. Na Trumbo mwenyewe ni mmoja wa waandishi wa Hollywood waliowekwa kwa orodha hiyo. Alifungwa jela mwaka wa 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya wanasiasa. Kwa hivyo ngoma mbili za albamu moja zinakutana kwa mtu mmoja, aliyekataa kunyamaza. Hiyo ndiyo albamu mnaiita kelele za bafuni?

Na One yenyewe, manze. Ni askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyelipuliwa. Hana mikono, hana miguu, haoni, hasikii, hawezi kuongea. Amelala hospitali, akili yake ikiwa hai kabisa ndani ya mwili uliofungwa. Ngoma inaanza polepole, gitaa safi, karibu la huzuni. Inapanda taratibu. Kisha inafika pale dramu za miguu miwili za Lars Ulrich zinapiga kama bunduki ya rashasha na gitaa linafuata pigo kwa pigo. Hakuna mtu anayehitaji kuelezwa maana yake. Unaisikia tu mwilini. Ndiyo iliyowafanya watengeneze video yao ya kwanza kabisa, ikitumia vipande vya filamu ya mwaka wa 1971 iliyotokana na kitabu kile.

Dyers Eve inafunga albamu kwa kasi ya kuogofya. Ni kijana anawaandikia wazazi wake waliomfungia ndani ya imani yao mpaka akatoka nje hajui dunia. James alilelewa kwenye dhehebu la Christian Science, ambalo linategemea maombi badala ya matibabu, na mama yake alifariki kwa saratani James akiwa bado kijana mdogo. Ukijua hivyo, ile hasira huioni tena kama maigizo. Na najua wangapi kati yenu mnasikiliza metali kwa sauti ya chini kwa sababu nyumbani inaitwa muziki wa shetani. Hiyo ngoma ni yenu.

Upigaji nao uko juu. Mkono wa kulia wa James ni mashine. Lars, ambaye watu wanapenda kumcheka, hapa alipiga vitu vigumu kuliko alivyowahi kupiga kabla ya hapo na, kwa maoni yangu, kuliko alivyopiga baadaye. Rifu zinabadilika mapigo katikati ya sentensi, unadhani umeshika mdundo, unanyang'anywa. Na ile sauti kavu, baridi, isiyo na mwangwi, inaendana na mada. Albamu kuhusu mahakama zilizooza haifai kusikika kama sherehe ya harusi. Hapo nawapa mashabiki haki yao: ukavu unafaa.

Lakini ukavu na kumfuta mtu ni vitu viwili tofauti.

Sasa, besi

Utetezi ninaousikia kila siku ni wa aina nne. Tuupitie mmoja mmoja.

*Utetezi wa kwanza: "Jason alikuwa anafuata gitaa tu, ndiyo maana hasikiki."* Kuna ukweli kidogo hapa, na nitauheshimu. Jason alipiga kwa piki na mara nyingi alifuata rifu za James noti kwa noti. Gitaa la James nalo lilikuwa limekatwa sauti za kati na kujazwa sauti za chini na za juu. Vyombo viwili vikikaa chumba kimoja, mmoja anamfunika mwingine. Sawa. Lakini kazi ya kumiksi ni nini kama si kuwapangia hao wawili mahali pa kukaa? Mimi huhariri sauti za video kila wiki. Muziki ukimfunika mtu anayeongea, siambii watazamaji "huyu jamaa ana sauti mbaya." Napunguza muziki.

Na ushahidi upo. Mwaka wa 1987, mwaka mmoja kabla ya Justice, bendi hii hii na mpiga besi huyu huyu walitoa rekodi fupi ya ngoma za bendi nyingine, Garage Days Re-Revisited. Isikilize. Besi iko pale, nene, inanguruma. Halafu nenda mbele mpaka mwaka wa 1991, ile albamu nyeusi waliyotengeneza na prodyuza Bob Rock. Besi iko pale. Mtu ni yule yule, vidole ni vile vile. Anasikika kabla, anasikika baada, anapotea katikati. Tatizo liko wapi? Tusidanganyane.

*Utetezi wa pili: "Masikio yao yalikuwa yamechoka."* Hii James mwenyewe ameigusia. Wakati albamu inamiksiwa, bendi ilikuwa kwenye ziara ya Monsters of Rock pamoja na Van Halen, inapiga viwanja, kisha wanarudi kusikiliza miksi masikio yakiwa bado yanalia. Naamini. Inaeleza kwa nini sauti za juu ni kali hivyo. Lakini masikio yaliyochoka hayachagui chombo kimoja cha mtu mmoja na kukizima. Na Steve Thompson, mmoja wa waliomiksi, amesema wazi kwenye mahojiano kwamba Lars ndiye aliyeagiza besi ishushwe mpaka iwe karibu haisikiki, na ilipofika hapo akaagiza ishushwe zaidi. Thompson huyo huyo anasimulia kwamba miaka mingi baadaye, mwaka wa 2009, bendi ikiingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, Lars alimuuliza kwani besi ilienda wapi. Kama hiyo stori haikuchekeshi na kukukasirisha kwa pamoja, huna moyo.

*Utetezi wa tatu: "Pengine besi yenyewe haikuwa nzuri."* Flemming Rasmussen, aliyeirekodi albamu, amesema yeye ni mmoja wa watu wachache sana waliosikia zile besi zikiwa peke yake, na kwamba ni kali sana. Jason alizirekodi karibu peke yake, wengine hawapo, na injinia msaidizi tu kwa meza. Alikuja, akafanya kazi yake vizuri, akaenda nyumbani. Alipokuja kusikia albamu imekamilika, hakujisikia ndani yake. Na Blackened, ngoma ya kwanza kabisa, rifu yake ilitoka kwake. Amechangia kuandika ngoma inayofungua albamu, na ndani ya hiyo ngoma hayupo.

*Utetezi wa nne ndio mbaya zaidi: "Walikuwa wanaomboleza Cliff."* Hapa sauti za watu hushuka, kana kwamba tukitaja msiba basi mjadala umefungwa. Hapana. Naelewa msiba. Vijana wa miaka 22 na 23 walimpoteza ndugu yao barabarani, na badala ya kulia wakarudi kazini baada ya wiki chache. Hawakujua kuomboleza, na hakuna mtu aliwafundisha. Lakini uchungu wako haukupi leseni ya kumfanyia mwingine unyama.

Na ulikuwa unyama, kidogo kidogo, miaka na miaka. Bendi yenyewe imekiri hadharani. Walimfanyia mizaha ya kikatili, walimwandikia bili za vinywaji na vyakula kwa chumba chake cha hoteli, hawakumpa nafasi ya mtu mzima kwenye maamuzi. Alikaa miaka 14. Alitoka Januari 2001.

Sote tunamjua huyu mtu

Kama ulisoma bodingi hapa Kenya, hii stori unaijua hata kama hujawahi kusikia gitaa la umeme. Unaingia fomu wani, unaitwa mono. Unaambiwa upime bweni zima kwa kijiti cha kiberiti. Unafua soksi za wakubwa. Ukilalamika unaambiwa, "hata sisi tulipitia." Na kinachouma ni kwamba ukifika fomu tatu, kuna mono mwingine anakungoja, na wewe unamkabidhi kijiti cha kiberiti.

Kazini ni vile vile, kijiti tu ndicho hakipo. Nilipoacha chuo nikaanza kuhariri video, kuna mahali, sitapataja, nilikaa na tangazo moja wiki mbili usiku na mchana. Lilipotoka, majina yote yalikuwepo mpaka la aliyeleta chai. Langu halikuwepo. Nilipouliza nikaambiwa, "wewe bado mgeni, utazoea." Hilo neno "utazoea" ndilo linanifanya nisiweze kuisikiliza Justice kama mnavyotaka nyinyi, kwa heshima na kimya.

Kwa sababu angalia kilichofanyika. Hawa jamaa waliandika saa nzima kuhusu wenye nguvu wanaowanyamazisha wasio na nguvu. Waliandika kuhusu mtu aliyefungwa ndani ya mwili wake. Kwenye kitabu kile cha Trumbo, yule askari anaishia kugonga kichwa kwa mto akituma ujumbe kwa alama za Morse, na wenye mamlaka wakielewa anachotaka, wanakataa. Na wakati wanaiimba stori hiyo, ndani ya studio yao kulikuwa na msee anapiga nyuzi nne kwa nguvu zote, na wao ndio wameshika kitufe cha sauti.

Kisha kuna To Live Is to Die. Karibu dakika kumi, haina kuimba, imejengwa kwa rifu alizoacha Cliff, na jina lake limeandikwa kama mtunzi. Ni rambirambi yao kwake. Nzuri sana, ile sehemu ya katikati gitaa linapolia naweza kuirudia mara tano. Lakini fikiria: kumbukumbu ya mpiga besi bora waliyewahi kuwa naye, ndani ya miksi ambayo besi haisikiki. Cliff, aliyefanya besi kuwa chombo cha mbele, angesema nini? Siwezi kumsemea marehemu. Nasema tu kwamba hiyo si heshima kwake.

Kasoro nyingine, kwa haraka

Besi ikirudi leo albamu bado ina matatizo, na wanaoabudu hawataki kuyasikia.

Ni ndefu mno. Ngoma nyingi zinazidi dakika sita, na ile yenye jina la albamu inakaribia kumi. Urefu si dhambi. One ni ya dakika saba na zaidi na hakuna sekunde ya bure. Lakini ile ngoma ya jina inarudia rifu zile zile kama mwanasiasa aliyepewa maikrofoni mazishini. Kirk Hammett, mpiga gitaa wao, amesimulia kwamba walipokuwa wakiipiga jukwaani waliona watu wa mbele wamechoka, wanapiga miayo, na baada ya ziara ile wakaiweka kando kwa miaka mingi. Wenyewe walijua! Nyinyi ndio mmekataa kujua.

Pili, katikati ya albamu pana kiwango kimoja cha mwendo. Eye of the Beholder na Harvester of Sorrow ni ngoma nzito nzuri, lakini ukiziweka ndani ya albamu iliyokaukiwa sauti za chini, uzito wake unabaki kwa karatasi. Harvester imeandikwa kukandamiza kifua. Kifua changu hakikandamizwi na hewa. Kwa hiyo kukosa besi hakukumuumiza Jason peke yake. Kuliumiza ngoma. Kulimuumiza James, ambaye rifu zake hazina sakafu ya kusimama.

Na kabla hujaniletea habari ya tuzo na mauzo: ndiyo, imeuza zaidi ya nakala milioni nane Marekani pekee. Ndiyo, Grammy ya mwaka wa 1989 walinyimwa, ikaenda kwa Jethro Tull, bendi ya filimbi, na ukumbi mzima ukashangaa. Mwaka uliofuata wakapewa kwa One. Yote hayo hayajibu swali langu. Kuuza sana hakumaanishi ulitenda haki. Muulize mtu yeyote anayelipa kodi ya nyumba Nairobi.

"Lakini ni historia, usiiguse"

Mwaka wa 2018 Metallica walitoa toleo jipya lililosafishwa, sanduku kubwa la miaka 30. Kila mtu akauliza: besi? Jibu likawa, kwa ujumla, albamu ni picha ya wakati wake, haitaguswa. Besi ikabaki kaburini.

Hii hoja ya historia naiheshimu pale inapotumika vizuri. Sitaki mtu arudi kufuta ya 1988. Iacheni ilivyo, ibaki, watoto wetu waisikie na waulize maswali. Lakini nani alisema lazima ufute ya zamani ndio utoe nyingine? Weka zote mbili kando kwa kando. Kanda za studio zenye kila chombo peke yake si siri. Mwaka wa 2009 mchezo wa Guitar Hero: Metallica ulitoka na ngoma zenye vyombo vilivyotenganishwa, ikiwemo One, na mashabiki wakachomoa besi, wakaiongeza, wakaiweka mtandaoni. Watoto kwa vyumba vyao walifanya kile bendi yenye mamilioni imekataa kufanya.

Zitafute hizo. Sikiliza Blackened yenye besi. Mimi nilisikia ngoma ile ile ikipata miguu. Bado ni kavu, bado ni baridi, bado ina hasira. Haikupoteza kitu chochote ambacho mashabiki wanadai kitapotea. Hapo ndipo utetezi wote unapoanguka, kwa sababu walituambia miaka yote hiyo kwamba ladha ya albamu inategemea kutokuwepo kwa Jason. Jason amerudi na ladha iko pale pale.

Na msiniambie "Jason mwenyewe ameshasamehe." Poa, huo ni moyo wake. Aliyeumizwa akisamehe, amejitua mzigo wake. Hajamfutia deni aliyeumiza, na hajatupa sisi watazamaji ruhusa ya kuita kosa sanaa.

Kwa nini nimeandika haya yote kuhusu albamu iliyotoka kabla sijazaliwa

Kwa sababu hapa Nairobi kuna vijana wanatengeneza muziki mzito sasa hivi. Duma walitoa albamu yao mwaka wa 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kelele za kutisha zenye mdundo unaokuja kutoka chini ya ardhi, na dunia ikageuka kutazama. Kuna bendi ndogo zinafanya mazoezi kwa garaji za watu, zinachangishana pesa za studio. Ndani ya kila moja ya hizo bendi kuna mtu aliyeingia juzi. Labda amechukua nafasi ya mtu aliyependwa zaidi. Labda ni demu pekee kwa bendi. Labda ndiye hana gari, hana gitaa la bei, hana jina.

Siku ya kumiksi itafika. Mtakuwa mmechoka, mmekasirikiana, na kitufe cha sauti yake kitakuwa chini ya kidole cha mmoja wenu. Hakuna shabiki atajua. Hakuna mahakama itawashtaki.

Ipandishe. Halafu muitwe wote studioni, naye akiwemo, msikilize pamoja kabla haijatoka. Hilo ndilo jambo moja ambalo Metallica hawakulifanya mwaka wa 1988, na halingewagharimu hata dola moja.